Fundi Mzoefu Mbele ya Kiunzi Kipya

Miongoni mwa barua zilizoifikia meza yetu kuna moja tuliyoonelea tuijibu kwa urefu, kwa kuwa swali lake linawahusu wote wanaojipatia riziki kwa kuandika programu za kompyuta wakiwa majumbani mwao. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu. Tangu mwaka 2005 amekuwa akitengeneza programu za maduka ya dawa: dawa zilizoingia, zilizotoka, bei zake, na tarehe za mwisho wa matumizi. Alianza kwa Visual Basic 6, akahamia Windows Forms, na hivi sasa maduka kumi na moja yanatumia kazi ya mikono yake. Kila mwezi maduka hayo humlipa ada ya utunzaji, na ada hiyo, asema, ndiyo karo ya watoto.

Taabu yake ilianza pale duka moja liliponunua kompyuta mpya. Skrini zake ni ndogo kwa umbo lakini zina nukta nyingi mno, na kwa ajili hiyo Windows hukuza maandishi kwa asilimia 150 ili macho yaweze kuyasoma. Programu ya mama huyu ilipowekwa humo, madirisha yake yalibanana. Mahali pa kuandika idadi ya vidonge pakawa pafupi kuliko tarakimu zenyewe, hata 100 ikaonekana kama 10, sifuri ya mwisho ikiwa imefichwa na ukingo wa kisanduku. Muuzaji aliligundua jambo hilo kabla mgonjwa hajaondoka na dawa. Mwenye duka hakukasirika, ila alisema maneno ambayo fundi yeyote huyaogopa: kama haiwezekani kurekebishwa, yeye atatafuta programu nyingine.

Basi dada yetu akaamua kujifunza WPF, kiunzi kingine cha kutengenezea madirisha. Amekaa nacho majuma matatu, usiku baada ya watoto kulala. Ameandika hivi: "Kazi ya nusu saa inanichukua siku mbili. Mume wangu ameniuliza, je, si kazi hii ulikuwa ukiijua? Sikuwa na la kumjibu. Ni umri, au nimechagua vibaya?"

Kwa wasomaji wasioifahamu kazi hii, tunaposema kiunzi tuna maana ya mkusanyiko wa vipande vilivyokwisha kuchongwa, yaani madirisha, vitufe, visanduku vya kuandikia na majedwali, ambavyo fundi wa programu huvichukua na kuviunganisha badala ya kuanza kila kitu mti ungali msituni. Mwenye kubadili kiunzi hahami kutoka kazi moja hadi nyingine. Anabaki katika kazi ile ile, lakini misumari yote imehamishwa kutoka kisanduku kimoja hadi kingine.

Kabla ya jambo lolote, tunamsihi aiache WPF kwa siku chache na kulitibu duka lile kwa dawa iliyopo. Si kweli kwamba Windows Forms haina tiba ya skrini za namna hiyo. Tangu mwaka 2005 kiunzi hicho kina TableLayoutPanel, kifaa cha kupanga vitu kwa safu na mistari ili visanduku vipanuke pamoja na maandishi, na mwaka 2017, kwa toleo 4.7 la .NET Framework, kiliongezewa uwezo wa kuzielewa skrini zenye nukta nyingi. Dirisha la kaunta peke yake linaweza kupangwa upya kwa siku mbili au tatu. Kosa la sifuri moja katika duka la dawa halingoji mtu ahitimu masomo. Isitoshe, mtu hujifunza vibaya akiwa na kisu shingoni. Duka likiwa salama, majuma yake ya kusoma yatakuwa ya kusoma kweli.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa tiba ipo, ya nini kuhama? Swali hilo ni la haki, na wako mafundi wengi ambao jibu lao lingekuwa kutohama. Lakini mama huyu ana programu moja yenye madirisha zaidi ya sitini, yote yakiwa yamepangwa kwa kuhesabu nukta: kitufe hiki kiko nukta 240 kutoka kushoto na 310 kutoka juu. Kila skrini mpya itamrudisha katika kazi ile ile. WPF ilijengwa tangu msingi kwa kipimo kingine. Kizio chake kimoja ni sehemu moja ya 96 ya inchi, wala si nukta ya skrini, na fundi hutakiwa kusema uhusiano badala ya mahali: mstari huu uwe mrefu kadiri ya maandishi yaliyomo, na ule upewe nafasi yote iliyobaki. Kwa mtu anayetarajia kuitunza kazi yake miaka kumi ijayo, hiyo ni sababu ya kutosha.

Ni lazima pia tuseme neno juu ya uchovu, kwa maana tunauona katikati ya mistari ya barua yake. Watu wa kazi hii wamehamishwa mara nyingi. Hapo zamani, ili mtu apate dirisha moja tupu la Windows kwa lugha ya C, ilimpasa kuandika makumi ya mistari. Mwezi Mei 1991 ikatoka Visual Basic, na kwa mara ya kwanza watu wengi wasio wahandisi wakaweza kuchora dirisha kwa kipanya, wakabonyeza kitufe mara mbili na kuandika mle ndani kile wanachotaka kitendeke. Visual Basic 6 ya mwaka 1998 ilipendwa kupita kiasi, ilhali Microsoft iliacha kuvihudumia vyombo vyake vya kuandikia mwezi Aprili 2008. Windows Forms ilikuja mwaka 2002. WPF ilikuja Novemba 2006. Mwaka 2007 ikaja Silverlight, ndugu yake mdogo wa kutumika ndani ya vivinjari vya intaneti, na wako waliojenga maisha yao juu yake. Huduma yake ilifungwa tarehe 12 Oktoba 2021. Kisha vikafuata viunzi vya Windows 8 mwaka 2012, vya Windows 10 mwaka 2015, na WinUI 3 mwaka 2021. Mtu aliyeyaona hayo yote ana haki ya kukunja uso anapoambiwa kwamba hiki ndicho cha kudumu.

Sisi hatumwambii hivyo. Tunachomwambia ni kwamba uchaguzi wake si mbaya, kwa sababu mbili zinazoweza kuhakikishwa. Kwanza, tangu Desemba 2018 msimbo wa WPF na wa Windows Forms umewekwa wazi kwa kila mtu kuusoma na kuutumia, na vyote viwili viliingizwa katika .NET Core 3.0 ya Septemba 2019 na vimeendelea kuwamo katika matoleo yaliyofuata. Pili, namna ya kufikiri inayodaiwa na WPF imeenea kwa jirani zake: WinUI, MAUI na Avalonia vyote huandika madirisha kwa lugha ya XAML au lahaja yake. Atakayekielewa kimoja hatakuwa mgeni kabisa katika vingine.

Sasa tuje kwenye kiini cha barua. Si umri. Kijana wa miaka ishirini ambaye hajawahi kutengeneza dirisha hata moja huenda akaipata WPF kwa wepesi kuliko mama huyu, lakini si kwa kuwa kichwa chake ni kipya. Ni kwa kuwa hana mazoea ya kuyavunja. Wahenga walisema mazoea yana tabu, na katika jambo hili tabu yenyewe inaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Katika Windows Forms, dirisha ndilo ghala. Fundi huiambia programu: chukua jina la dawa, liweke katika kisanduku cha kwanza; chukua idadi, iweke katika kisanduku cha pili; muuzaji akibonyeza "Hifadhi", nenda ukasome visanduku vyote, kimoja kimoja, ukaandike katika hifadhidata. Fundi ni bwana mwenye kuamrisha kila kitufe kwa jina lake. Katika WPF utaratibu huo umepinduliwa. Dawa husimama peke yake, nje ya dirisha, ikiwa na jina lake, idadi yake na tarehe yake. Dirisha huambiwa tu: itazame dawa hii. Kisanduku hufungwa na idadi ya dawa, na tangu hapo moja likibadilika jingine hufuata. Fundi haamrishi tena visanduku. Anaitunza dawa, na dirisha linajitunza.

Maneno hayo ni mepesi kuandikwa. Lakini mtu aliyeamrisha visanduku kwa miaka mingi, kila anapokwama, mkono wake hukimbilia kukipa kisanduku jina na kukiamrisha. Ubaya ni kwamba WPF humruhusu. Programu itafanya kazi nusu kwa njia ya zamani na nusu kwa njia mpya, na hitilafu zitakazozaliwa hapo hazitapatikana kwa urahisi. Twadhani siku zake mbili kwa kazi ya nusu saa zimepotelea hapo. Ajaribu dirisha moja, moja tu, ambalo ndani yake hakuna kisanduku chenye jina. Atahisi kama amefungwa mikono. Baada ya dirisha la tatu hataona ajabu tena.

Yako mambo mengine ambayo mzoefu huyakosa kwa kuwa hafikirii kuyapima. Mgeni hupima kila kitu kwa hofu. Mzoefu huamini kwamba kisanduku ni kisanduku. La hatari kuliko yote, kwa maduka ya dawa, ni hili. Katika WPF kisanduku cha maandishi, kisipoambiwa vinginevyo, hupeleka kilichoandikwa kwa ile dawa pale tu mtumiaji anapokiacha na kwenda mahali pengine. Muuzaji mwenye foleni mbele yake huandika 30 na kubonyeza Enter papo hapo. Ikiwa kitufe cha "Hifadhi" ndicho kilichowekwa kuitikia Enter, kitatenda kazi yake ilhali kishale kingali kisandukuni, na kitakachohifadhiwa ni ile idadi ya kabla. Kwenye skrini inasomeka 30. Katika hifadhidata imeingia 3. Hakuna kengele wala onyo. Katika Windows Forms, kwa njia aliyoizoea, hilo halimtokei, kwa maana kitufe chenyewe huenda kusoma kilichomo kisandukuni wakati ule ule.

Dawa yake ni kuiambia kamba inayofunga kisanduku na idadi, kwa sifa iitwayo UpdateSourceTrigger, ipeleke kila tarakimu inapoandikwa, yaani ipewe thamani ya PropertyChanged. Kwa idadi ya vidonge hilo latosha. Kwa bei zenye nukta ya desimali lina kero yake: tangu toleo 4.5 la .NET Framework, anayeandika 2 kisha nukta huona nukta ikikataa kuingia, kwa kuwa programu tayari imekwisha kuigeuza kuwa namba. Visanduku vya bei viachwe na desturi yao ya kwanza, na msimbo wa "Hifadhi" ulazimishe kisanduku kilicho wazi kupeleka kilichomo kabla ya kuandika katika hifadhidata. Jambo hili alipime kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa Enter, kabla duka lolote halijaiona programu.

La pili linahusu tarehe. Windows Forms hufuata mpangilio wa tarehe uliowekwa katika kompyuta ya duka, siku ikitangulia mwezi kama tulivyozoea. WPF, inapoonyesha tarehe kwa njia ya kufunga, hudhani kwamba lugha ni Kiingereza cha Marekani isipoelezwa vinginevyo, hata kama Windows yenyewe imepangwa kwa namna yetu. Huko mwezi hutangulia. Dawa inayokwisha tarehe 5 Machi itaandikwa 3/5, na muuzaji wetu ataisoma tarehe 3 Mei. Ikipita tarehe 12 ya mwezi kosa hujifichua lenyewe, maana hakuna mwezi wa 13. Lakini siku kumi na mbili za mwanzo za kila mwezi zinaweza kupita bila mtu kushtuka. Msimbo mfupi unaoandikwa mara moja programu inapoanza, wa kuipa sifa ya Language ya madirisha yote thamani inayotoka kwenye mpangilio wa kompyuta, humaliza taabu hiyo kwa tarehe zote zinazoonyeshwa kwa kufunga. Kitabu kizuri hulitaja jambo hili. Masomo mengi ya haraka hulipita.

Kisha kuna ukimya. Katika Visual Basic 6 au Windows Forms, aliyekosea jina la kisanduku huambiwa na chombo hata kabla programu haijaanza, au programu huanguka mbele ya macho yake. Katika WPF, aliyeandika "Idad" mahali pa "Idadi" ndani ya kamba ya kufungia hupata kisanduku kitupu, basi. Programu inaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Maelezo ya kosa yapo, lakini yameandikwa katika dirisha la Output la Visual Studio, na matoleo ya miaka ya karibuni yana pia dirisha mahsusi la makosa ya namna hiyo. Mama huyu ameandika kwamba alikesha hadi saa saba za usiku akitafuta kwa nini safu moja ya jedwali haina kitu. Tunakisia kwamba jibu lilikuwa limeandikwa chini ya skrini yake muda wote.

Fauka ya hayo, akiongeza dawa katika orodha ya kawaida, jedwali halitapata habari. Orodha iwe ya aina ya ObservableCollection, ambayo hupiga mbiu kila inapoongezwa au kupunguzwa. Na dawa yenyewe lazima iwe na njia ya kutangaza kwamba idadi yake imebadilika. Haya mawili atayakuta katika sura za mwanzo za kitabu chochote.

Ameuliza pia kama ni lazima afuate ule mtindo uitwao MVVM, ambao John Gossman wa Microsoft aliueleza mwaka 2005, wa kutenga data, dirisha, na tabaka la katikati linaloviunganisha. Mtindo huo ni mzuri, na kwa programu ya madirisha sitini atauhitaji. Lakini tumewaona vijana wakiandika mafaili manane kwa ajili ya dirisha lenye vitufe viwili, wakijivuna kana kwamba wamejenga daraja. Aanze na data iliyosimama peke yake na dirisha linaloitazama. Tabaka la katikati litakuja lenyewe siku atakapoona msimbo ule ule umejirudia mara ya tatu.

Wala asidhani kwamba miaka yake imekwenda bure. Lugha yake ya C# ni ile ile. Maswali yake kwa hifadhidata ni yale yale, na yeye huyajua kuliko kijana yeyote. Kanuni ya kwamba kazi ndefu ifanywe kando, na kwamba uzi wa kando haugusi madirisha, ipo huko na huku. Majina tu ndiyo yaliyobadilika. Zaidi ya yote anajua jinsi muuzaji wa dawa anavyofanya kazi: kwamba huandika herufi tatu za mwanzo na kutarajia jina litokee, kwamba hachukui kipanya kama anaweza kutumia kibodi, kwamba mwisho wa mwezi anataka karatasi iliyochapwa na si picha ya kupendeza. Jungu kuu halikosi ukoko. Kiunzi hakimfundishi mtu mambo hayo.

Kuhusu njia ya kuhama, tungemshauri asiandike upya programu nzima. Usiache mbachao kwa msala upitao. Viunzi hivi viwili vinaweza kukaa katika programu moja: kipo kifaa kiitwacho ElementHost kinachoingiza kipande cha WPF ndani ya dirisha la Windows Forms, na kipo WindowsFormsHost cha kufanya kinyume chake. Kwa hiyo anaweza kubadilisha chumba kimoja huku familia ikiendelea kuishi katika nyumba. Chumba cha kwanza kisiwe kaunta. Iwe taarifa ya dawa zinazokaribia kwisha muda, kwa sababu taarifa husoma tu wala haiandiki. Ikikosea, hakuna kilichoharibika katika hifadhidata, na kosa la tarehe tulilolitaja litajitokeza hapo mapema. Kisha orodha ya bei. Kisha mapokezi ya mizigo. Kaunta iwe ya mwisho, baada ya mikono kuzoea. Na kazi yote ifanyike juu ya nakala ya hifadhidata, katika kompyuta ya nyumbani.

Binti yake mkubwa, aliye chuoni, amemwambia kwamba anajifunza kitu cha mwaka 2006, na kwamba wenzake wote hutumia Electron. Binti hakusema uongo. Electron ilianza mwaka 2013 kwa ajili ya Atom, programu ya kuandikia msimbo, na Visual Studio Code ya mwaka 2015, inayotumiwa na mafundi wengi mno duniani, imejengwa juu yake. Programu yake hufanya kazi katika Windows, katika Mac na katika Linux, ilhali WPF haitoki nje ya Windows. Lakini kila programu ya Electron hubeba ndani yake kivinjari kizima cha Chromium, hata ikiwa kazi yake ni kuonyesha orodha ya vidonge, na katika kompyuta kongwe ya duka yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 uzito huo huonekana. Maduka yake yote kumi na moja yanatumia Windows, na msimbo wake wote ni wa C#. Ikiwa siku moja mteja atataka Linux, Avalonia itakuwa karibu naye zaidi. Hata hivyo tungependa kuona binti akipewa ile taarifa ya tarehe aitengeneze kwa Electron, mama aitengeneze kwa WPF, na zote mbili zikajaribiwa katika kompyuta iliyo nzee kuliko zote dukani. Umri wa kiunzi peke yake si hoja. WPF ilipotoka haikuwa hata na jedwali la data. Ililipata rasmi katika toleo la.NET 4 la mwaka 2010. Waliokimbilia upya wake siku za kwanza walijitengenezea majedwali yao wenyewe.

Na wewe, bwana wa nyumba hiyo, ukiusoma ukurasa huu, tuna ombi. Swali lako halikuwa baya, lakini huenda lilisikika kama shutuma kwa mtu aliyechoka. Mkeo anaijua kazi yake. Kilichobadilika ni chombo, na chombo hiki hudai saa za utulivu. Mtu mwenye uzoefu huweza kutengeneza programu ya zamani huku mtoto akilia na sufuria ikichemka, kwa kuwa mikono yake inajua njia. Kujifunza kitu kinachopinga mazoea hakuwezekani hivyo. Saa mbili za alfajiri, mara tatu kwa juma, ukiwa wewe ndiye unayewaamsha watoto na kuwapikia uji, zitazaa matunda kuliko usiku sita wa kusinzia mbele ya skrini.

Swali lake la mwisho lilikuwa juu ya malipo: je, awatoze wenye maduka kwa muda huu? Kurekebisha dirisha la kaunta katika programu ya sasa ni utunzaji, nao umekwisha kulipwa kwa ada ya kila mwezi; asitoze. Majuma ya kujifunza ni yake mwenyewe, maana faida yake itaenda kwa maduka yote na kwa kazi atakazozipata baadaye. Lakini madirisha mapya yatakapokuwa tayari, hiyo ni kazi mpya, na bei yake itajwe kwa kila sehemu kabla haijaanza: taarifa kiasi hiki, mapokezi kiasi hiki, kaunta kiasi hiki. Kwa duka la kwanza litakalokubali, aweke kaunta mpya mara tu baada ya hesabu ya mwisho wa mwezi, si kabla, na aiache ya zamani katika kompyuta ile ile kwa mwezi mzima unaofuata. Hesabu za mwezi huo zikilingana na bidhaa zilizopo rafuni, ndipo aende duka la pili.